Weupe Ulioachwa: Kuisoma Sahani ya Arita

Mtu akipewa sahani ya kauri iliyopambwa, jicho lake hukimbilia picha. Atasema hapa pana ndege, pale pana mwanzi, huku pana maua, na akimaliza kutaja vilivyomo ataona kazi ya kutazama imekwisha. Kwa sahani nyingi utazamaji huo unatosha. Kwa zile zilizotoka Arita, mji wa wafinyanzi katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, katika nusu ya pili ya karne ya 17, hautoshi hata kidogo. Katika sahani hizo sehemu iliyogharimu jasho jingi kuliko zote ni ile ambayo haikuchorwa.

Tuchukue aina moja inayojulikana sana: sahani ya pembe nane yenye kware na mashuke ya uwele, ya mtindo unaoitwa Kakiemon. Si kubwa, mikono miwili inaishika bila shida. Kware wawili wamekaa chini, upande mmoja, wamebanana. Mmoja ameinamisha kichwa kama anayedonoa, mwenzake amekiinua kama aliyesikia kishindo. Nyuma yao mabua ya uwele yamepanda, mashuke yakawa mazito, mabua yakapinda kuelekea katikati ya sahani. Kando kuna maua machache. Basi. Kuanzia pale mashuke yanapoinamia hadi ukingo wa upande wa pili hamna kitu: hamna ardhi, hamna anga, hamna mstari wa upeo, hamna hata kivuli cha ndege.

Ukipita haraka utasema mchoraji aliitwa kula akasahau kurudi. Itazame tena. Picha nzima imelalia upande mmoja, na kwa mazoea ya mapambo ya sahani ilipaswa kuonekana inaanguka. Haianguki, na sababu ya kwanza ni upinde wa yale mabua. Yanaanzia kwenye uzito, pale walipo ndege, yanalichukua jicho hadi kwenye utupu, kisha yanaliacha papo hapo. Jicho likikosa pa kutua linabaki linautazama utupu wenyewe, na hapo utupu unapata kazi: ndio unaokaa upande wa pili wa mzani. Mchoraji hakupima kitu kwa kitu, ndege huku na ua kule. Alipima kitu kwa pasipo na kitu.

Sababu nyingine ni umbo. Sahani ya duara haina juu wala chini. Igeuze kidogo tu, na picha iliyolala upande mmoja inapoteza mwelekeo. Pembe nane zinaipa sahani kuta. Kila upande mfupi ulionyooka unawapa ndege mahali pa kuegemea, na ukingo uliopakwa kahawia ya chuma, uzi mwembamba tu unaozunguka mdomo wote, unaifunga picha bila kuibana. Umbo hilo halitoki kwenye gurudumu peke yake. Fundi hufinyanga kwanza chombo cha duara, akakiacha kikauke kiasi, halafu akakilaza juu ya kalibu na kukipigapiga kwa mkono hadi kishike pembe. Ndiyo maana pembe za Kakiemon si kali kama za sanduku. Zina ulaini wa kitu kilichokuwa duara kikashawishiwa.

Sasa weupe wenyewe. Kauri nyingi ya Japani, na ya China pia, ina ubuluu wa mbali. Ubuluu huo unatokana na chembe za chuma zilizomo kwenye udongo na kwenye ule utando wa kioo unaokifunika chombo. Tanuri lenye moshi mwingi na hewa haba huzigeuza chembe hizo zikatoa rangi ya baridi. Chombo kitakachochorwa kwa buluu ya kobalti hakidhuriki na hilo, kwa kuwa ubuluu wa chini na wa juu ni ndugu. Rangi nyekundu inayoelekea machungwa ndiyo inayoumia: juu ya weupe wa baridi inazimika. Mafundi wa mtindo wa Kakiemon walitafuta weupe mwingine, wenye joto na uzito kidogo, ambao watu wa Arita wameuita nigoshide kwa kuufananisha na maji yaliyooshewa mchele. Hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi. Rangi hiyo ameimwaga jikoni mara nyingi.

Kuupata weupe huo ni adhabu. Kauri ya Arita haifinyangwi kwa udongo uliochimbwa mtoni. Hutengenezwa kwa jiwe linalosagwa likawa unga, likaoshwa na kuchujwa, na kwa nigoshide mafundi huchanganya mawe ya aina tatu yaliyochaguliwa kwa uchache wa chuma. Mchanganyiko huo ni mkaidi. Husinyaa kwa nguvu ukikauka na tena ukichomwa, hupinda, hupasuka, na doa moja la chuma lililosalimika kwenye machujio linatosha kukitupa chombo kizima. Vyombo vingi vinakufa kabla havijamfikia mchoraji. Haishangazi basi kwamba katika karne ya 18 ufundi huu uliachwa, ukapotea kabisa. Ulifufuliwa mwaka 1953 na Kakiemon wa 12, mkuu wa ukoo ulioupa mtindo huu jina, pamoja na mwanawe, aliyekuja kuwa wa 13, baada ya miaka ya kujaribu na kutupa. Mwaka 1971 serikali ya Japani iliuorodhesha kati ya urithi muhimu wa taifa usioshikika.

Ukishalijua hilo, sahani ya kware inasomeka upya. Mapambo mengi ya vyombo kazi yake ya pili ni kuficha: alama ya tanuri inafunikwa na ua, mchirizi wa utando unapitishiwa tawi. Hapa hapana pa kuficha. Nafasi tupu ni tangazo la fundi wa udongo kwamba kazi yake imetoka safi, na mchoraji amepewa chombo kwa sharti la kutokiharibu. Mabua, ndege na maua vimewekwa pembezoni mwa weupe kama walinzi wake. Wapo wanaoueleza utupu huu kwa Zen na falsafa ya ukimya. Sipingi kwamba macho ya Wajapani wa wakati ule yalifunzwa na michoro ya wino ambayo nayo iliacha karatasi wazi. Ila maelezo hayo yanakwea mbinguni kabla ya kupita karakana. Aliyekesha akichuja unga wa jiwe ili chuma kitoke hahitaji falsafa kumweleza kwa nini weupe usifunikwe.

Tuje kwenye rangi, na hapa ingefaa kidole kiruhusiwe kupita juu ya sahani, jambo ambalo makumbusho hayaruhusu. Nyekundu ingekuwa haisikiki. Imelala bapa, nyembamba kama iliyopigwa mhuri. Kijani, buluu na njano zingesikika zimevimba, matone yaliyoganda juu ya kioo. Tofauti hiyo si ya ladha, ni ya maumbile. Nyekundu inatokana na chuma kilichosagwa laini mno, na haipitishi mwanga. Zile nyingine ni kioo cha rangi, kijani kikitokana na shaba na buluu na kobalti, na zinapitisha mwanga kama dirisha la msikiti wa zamani. Kwa hiyo mchoraji wa Arita ana namna mbili za kuchora ndani ya picha moja. Nyekundu inaweza kuchora yenyewe, ikawa mstari na ikawa mwili. Kijani hakiwezi, kinahitaji mstari mweusi chini yake uliochorwa kwanza, kisha kimwagwe juu. Tazama jani: mshipa mweusi uliovishwa kioo. Tazama ua lililo jirani yake: wekundu mtupu. Katika sahani nzuri namna hizi mbili zinajibizana, na hilo ndilo linalozipa picha hizi uhai ambao picha ya kuchapwa haiwezi kuupata hata rangi zikilingana.

Rangi zote hizi zinapakwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, kisha chombo kinarudi kwenye tanuri dogo, karibu nyuzi 800, ili zishike. Mapokeo ya Arita yanasema Sakaida Kizaemon, ndiye Kakiemon wa kwanza, aliupata ufundi huo katika miaka ya 1640, kwa siri iliyotoka kwa Mchina wa Nagasaki. Kinachomhusu msomaji wa umbo ni uso wenyewe anaochorea mchoraji. Buluu ya kobalti hupakwa kabla ya utando, juu ya chombo kilichochomwa mara moja tu ambacho bado kinafyonza. Wino ukigusa umezama, hakuna kufuta. Rangi za juu ya kioo zinateleza. Brashi ikisita, mstari unakusanyika tone. Ikienda haraka mno, unakatika. Mistari ya manyoya ya kware, midogo kama nywele, ilipigwa juu ya uso ambao haumsaidii mchoraji kwa lolote. Ukiona mstari wa Kakiemon unaoanza mwembamba, ukanenepa kidogo kwenye kona, ukaisha kwa ncha, ujue umeona pumzi moja ya mtu.

Au tuseme pumzi ya mtu mmoja kati ya wawili. Katika karakana ya Kakiemon anayepiga mstari na anayejaza rangi si mtu mmoja, na kila mmoja hubaki kwenye kazi yake. Kazi ya mjazaji inanivutia zaidi, ingawa vitabu vinamsifu wa mstari. Rangi ya kijani kabla ya kuchomwa ni tope la unga usiopitisha mwanga. Mjazaji anapolimwaga juu ya jani, anaufunika kabisa mstari ambao mwenzake aliuhangaikia, na hauoni tena hadi tanuri lifunguliwe. Akiweka tope kidogo, jani linatoka limepauka. Akizidisha, kioo kinapasuka au kinatiririka nje ya mpaka. Anachora akiwa amefumbwa macho, kwa unene peke yake.

Jambo hilo linatuonya pia tusiitafute roho ya msanii mmoja ndani ya sahani hizi. Uchimbaji wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba vyombo vya mtindo wa Kakiemon vilichomwa katika matanuri zaidi ya moja ya Arita. Jina lile ni la ukoo na ni la mtindo. Anayesema "huyu Kakiemon alikuwa mtu mpole aliyependa ndege" anaandika riwaya.

Ipo sahani nyingine ya pembe nane inayoonyesha kwamba weupe uleule unaweza kufanya kazi tofauti. Hadithi yake ni ya Kichina. Sima Guang, msomi na mwanasiasa wa enzi ya Song aliyeishi kati ya 1019 na 1086, alipokuwa mtoto alikuwa akicheza na wenzake, mmoja wao akatumbukia kwenye mtungi mkubwa wa maji. Wengine walikimbia. Yeye akaokota jiwe, akauvunja mtungi, maji yakamwagika, mtoto akaokoka. Wachoraji wa Arita walichagua dakika ileile ya kuvunjika: mtungi una tundu ubavuni, maji yanafurika nje, na mtoto anachomoza pamoja nayo.

Kuna ujasiri wa kichekesho katika kuchagua hadithi hiyo kwa sahani ya kauri. Fundi ambaye maisha yake yote ni kuzuia vyombo visivunjike amechora chombo kinachovunjwa, na kinavunjwa kwa sababu njema. Tazama lakini jinsi anavyouchora mtungi. Ni kitu kizito kuliko vyote katika picha, na bado mwili wake ni weupe wa sahani yenyewe uliozungushiwa mstari. Mtungi umetengenezwa kwa kauri kwelikweli! Na maji yanayotoka tunduni, isipokuwa mistari michache ya mkondo, ni weupe uleule. Chombo, kilichomo ndani ya chombo, na uwanja mtupu wanaposimama watoto vyote ni kitu kimoja, na ni mstari tu unaokuambia kipi ni kipi. Katika sahani ya kware weupe ulikuwa nafasi. Hapa weupe ni mtungi, ni maji, ni ardhi, kwa zamu. Sijui picha nyingi zinazotumia kutochora kwa akili namna hii.

Geuza sahani. Wahakiki wengi hawageuzi, na wanapoteza nusu ya maandishi. Ndani ya duara la kitako mara nyingi utakuta vidoa vidogo vikavu, visivyo na utando, vitatu au zaidi. Hizo ni alama za vijiguzo vya udongo vilivyosimamishwa chini ya sahani ndani ya tanuri. Kauri kwenye joto kali hulainika, na sahani pana ikiachwa bila egemeo katikati itabonyea. Baada ya kuchomwa vijiguzo huvunjwa, vikaacha kovu. Sahani za China za wakati huo kwa kawaida hazina alama hizo, na wajuzi huzitumia kutambua asili. Mimi nazisoma kwa namna nyingine: uso wa mbele ulio tambarare na mtupu, unaojionyesha kana kwamba umepatikana bure, umeshikiliwa kwa nguvu kutoka nyuma.

Historia iliyoyaleta haya yote ina damu ndani yake, na itoshe kuitaja kwa ufupi. Majeshi ya Hideyoshi, mtawala wa Japani, yaliivamia Korea mara mbili kati ya 1592 na 1598, na mabwana wa Kyushu walirudi na wafinyanzi mateka. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, anatajwa na mapokeo kuwa ndiye aliyelitambua jiwe la kauri katika mlima wa Izumiyama, Arita, mwaka 1616. Kisha utawala wa Ming ukaanguka China mwaka 1644, vita vikayavuruga matanuri ya Jingdezhen, mji mkuu wa kauri wa huko, na Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyokuwa na kituo chake katika kisiwa cha Dejima, Nagasaki, ikawageukia mafundi wa Arita. Mwaka 1659 iliagiza makumi ya maelfu ya vyombo kwa mkupuo mmoja. Bidhaa zilishuka hadi bandari ya Imari iliyo jirani, na ndiyo sababu Ulaya ikaziita kwa jina la bandari badala ya jina la mji. Mwaka 1688 baadhi yake zilikwisha kuandikwa katika orodha ya mali ya Burghley House, jumba la kifahari la Uingereza.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wanunuzi wa kauri ya China karne nyingi kabla ya hapo, na waliijua tabia ya kuitoa sahani mezani na kuipandisha ukutani. Nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui zilipachikwa vyombo vya China. Nyumba za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, vishubaka vya chokaa vya kupangia sahani na mabakuli. Wafalme wa Ulaya walifika kwenye wazo hilohilo kwa kuchelewa, wakajenga vyumba vizima vya kauri. Na sahani ikishapandishwa ukutani, isomwe kwa mbali na wengi, maswali ya umbo yanabadilika.

Hapo ndipo ilipozaliwa kauri ile ambayo wengi wanaifikiria wanaposikia neno Imari: mitungi mirefu yenye vifuniko, masahani mapana, yamejaa buluu nzito, nyekundu na dhahabu hadi shingoni. Weupe umesukumwa ukabaki kama vidirisha kati ya paneli moja na nyingine. Sitaidharau. Kwenye ukumbi mrefu wenye mwanga wa mishumaa dhahabu ile ilifanya kazi iliyonunuliwa kufanya, na mchanganyiko wa buluu ya chini ya kioo na nyekundu ya juu yake ni mgumu kuulinganisha kuliko unavyoonekana. Lakini ukiusogelea mtungi wa namna hiyo, mara nyingi unakuta mstari umelegea, ua la upande huu limerudiwa upande ule bila sababu, na buluu imemwagwa mahali ambapo udongo ulikuwa na kasoro. Ni kazi inayotegemea wingi. Ukiondoa nusu ya mapambo yake hakuna atakayejua.

Kinyume chake halisi hakiko Kakiemon, kiko Nabeshima. Ukoo wa Nabeshima, watawala wa Saga, ulikuwa na matanuri yake wenyewe huko Okawachi, kwenye bonde lililofungwa na milima, yaliyofanya kazi huko kuanzia miaka ya 1670 hadi 1871 ukabaila ulipofutwa. Vyombo vyake havikuuzwa kwa Waholanzi. Vilikuwa zawadi kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, na wakubwa wa nchi, na vilifuata vipimo: sahani za takriban sentimita 9, 15, 20 na 30, zenye kitako kirefu kilichochorwa meno ya kitana kwa buluu. Zilitoka kwa seti, na kila sahani ya seti ilipaswa kufanana na mwenzake. Ili kufanikisha hilo walichora kielelezo kwenye karatasi nyembamba kwa mkaa wa kibuyu, wakakisugua juu ya chombo kikaacha alama, wakafuata alama hiyo kwa brashi. Mkaa ukaungua tanurini.

Kwa maelezo hayo mtu angetarajia kazi kavu ya kunakili. Ajabu ni kwamba sahani za Nabeshima ndizo zenye ubunifu mkali zaidi wa Arita yote. Mawimbi yanajaa nusu ya sahani na kukatwa na ukingo kama kwa kisu. Ua moja linazidi ukubwa wa chombo na nusu yake inabaki nje ya picha, mahali usipoweza kuiona. Na weupe? Weupe wa Nabeshima haukuachwa, ulichongwa. Mafundi walichora kwanza mistari kwa wino wa kawaida wa kuandikia, kisha wakapitisha buluu ya kobalti juu ya eneo zima. Pale palipo na wino buluu haikushika. Chombo kilipochomwa wino uliungua, ikabaki mistari myeupe, safi, ndani ya uwanja wa buluu. Povu la wimbi kwenye sahani hizo halikuchorwa na rangi yoyote. Ni mstari wa kitu ambacho hakipo tena. Imaizumi Imaemon wa 14, anayeendesha karakana ya ukoo wake Arita leo, ameijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya mbinu hiyo, na mwaka 2014 alitangazwa kuwa hazina hai ya taifa.

Njia nzuri ya kupima kama tunasoma sawasawa ni kuwatazama walioiga. Meissen, karibu na Dresden, kiwanda cha kwanza cha Ulaya cha kauri ngumu, kilianzishwa 1710 na Augustus Mwenye Nguvu, mtawala wa Saxony aliyekuwa na uchu wa kauri usio na kipimo. Mafundi wake waliiga Kakiemon kwa ustadi uliozaa kashfa. Mwishoni mwa miaka ya 1720 mfanyabiashara wa Paris, Rodolphe Lemaire, aliagiza nakala kwa msaada wa Hoym, waziri wa Saxony, na alama ya kiwanda ikapakwa juu ya utando ili iweze kukwanguliwa. Paris ikauziwa Ujerumani kwa jina la Japani, hadi mambo yalipofichuka mwaka 1731. Kwa hiyo nakala zilikuwa nzuri vya kutosha kuwadanganya wanunuzi wa daraja la kwanza.

Bado, ukiziweka sahani mbili pamoja, ya Arita na ya Meissen, tofauti inajitokeza. Mjerumani amechora kila kitu kwa usahihi: idadi ya mashuke ni ileile, ndege wako palepale. Alichokosa ni ardhi ya kuwawekea. Weupe wake ni mkavu na baridi zaidi, na mstari wake unajua tayari unakokwenda, kwa kuwa unafuata mstari mwingine. Utupu wa sahani yake ni mahali ambapo picha ya asili haikuwa na kitu, basi. Nawavulia kofia zaidi Wafaransa wa Chantilly, waliokuwa na malighafi duni. Kauri yao ilikuwa laini na ya rangi ya manjano kwa mbali, haifai kabisa kwa kware na mianzi. Katika miaka ya 1730 wakaamua kuifunika kwa utando wa bati, mweupe usiopitisha mwanga, kabla hawajagusa brashi. Picha zao ni za kitoto ukilinganisha na za Meissen. Lakini walielewa kwamba kabla ya kuiga ndege lazima uuige weupe.

Nikitakiwa kupanga, naziweka juu sahani za pembe nane za kware na za mtungi wa Sima Guang. Sahani za mawimbi za Nabeshima zinazifuata kwa karibu, na kwa nidhamu ya mkono zinazipita. Mitungi ya dhahabu ya Imari naiachia majumba yaliyoinunua. Sanamu za Kakiemon, wakiwemo tembo wawili mashuhuri wa British Museum, nazipenda kwa ucheshi tu. Aliyewafinyanga ni wazi hakuwahi kukutana na tembo. Atakayetaka kuipinga hukumu hii ana pa kwenda: jumba la makumbusho ya kauri la Kyushu, lililopo Arita kwenyewe, lina mkusanyo wa Shibata wenye vyombo zaidi ya 10,000. Akifika asianze na picha. Atazame kwanza pale pasipochorwa, na kama kuna chombo kilichowekwa juu ya kioo, ainame akasome mgongo wake.